Je, wajua kwa nini Kiingereza husema aliyekufa "kapiga ndoo teke"?

Unaweza kulijua kila neno katika sentensi ya Kiingereza na bado ukatoka kapa. Chukua "he kicked the bucket". Kuna teke, kuna ndoo, na hakuna panapotajwa kifo. Hata hivyo sentensi nzima inasema kwamba jamaa kafa.

Hiyo ni nahau: maneno yaliyogandana yakabeba maana moja, ambayo huipati kwa kujumlisha neno moja moja. Kiswahili kinazo tele. Aliyekula chumvi nyingi ni mzee, na mwenye mkono mrefu ni mwizi. Hizo tulikua nazo, wala hatukumbuki tulizijua lini. Za Kiingereza wengi wetu tunakutana nazo ukubwani, kwenye filamu au barua pepe za kazini, wakati tumeshazoea kutafsiri neno kwa neno. Hapo ndipo zinapotukwaza.

Nyingi zilianza zikiwa na maana ya wazi kabisa. Ile ya ndoo ilikuwa tayari imeingia kwenye kamusi ya lugha ya mitaani aliyoichapisha Francis Grose huko London mwaka 1785. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba katika baadhi ya lahaja za Uingereza "bucket" lilikuwa pia jina la boriti aliyoning'inizwa nguruwe wa kuchinjwa. Mnyama akitapatapa, miguu yake iliipiga ile boriti. Baadaye boriti ikasahaulika, msemo ukabaki, na msikilizaji wa leo kaachiwa ndoo isiyomhusu marehemu.

"Turn a blind eye" ni rahisi kwetu, kwa sababu nasi husema kulifumbia macho jambo. Waingereza huihusisha na Horatio Nelson, kamanda wa majini aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia baada ya kujeruhiwa Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794. Katika vita vya Copenhagen mwaka 1801 mkuu wake alimpa ishara ya kusitisha mapigano. Inasimuliwa kwamba Nelson aliielekeza darubini kwenye jicho lile bovu, akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana.

Si kila kisa kitamu ni cha kweli, lakini. Mtandaoni wanasimulia kwamba "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa mno, ilitokana na paka na mbwa waliolala juu ya mapaa ya nyasi wakateleza mvua iliponyesha. Hakuna ushahidi wa hilo, na mbwa juu ya paa anapaswa kukutia shaka mapema. Kinachojulikana ni kwamba mwandishi Jonathan Swift aliutumia msemo huo katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1738.

Kwa maoni yangu, kujua asili ni raha, ila kujua mahali pa kuitumia nahau ndiko kunakookoa heshima yako. "Kick the bucket" ina mzaha ndani yake, kama "kukata kamba". Hata mtu mwenye nia njema kabisa akimwambia hivyo mfiwa atamuumiza. Kwenye msiba Waingereza husema "passed away", ambayo ina upole wa kuaga dunia. Vivyo hivyo "under the weather" ni kutojisikia vizuri: mafua, uchovu, kichwa kuuma. Ukiitumia kwa mgonjwa mahututi utaonekana unadharau hali yake. "Break a leg" nayo ni dua njema kwa anayepanda jukwaani kuigiza au kuimba, ingawa kwa maneno yake inamwambia avunjike mguu. Usimpe mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa goti.

Za ofisini hazina hatari kubwa. "The ball is in your court", kutoka kwenye tenisi, maana yake uamuzi sasa ni wako. Ukiambiwa "bite the bullet", unatakiwa ujikaze ufanye jambo gumu ulilokuwa ukiliahirisha.

Jambo moja husahaulika sana: nahau hazikubali kugeuzwa kwa kiwango kimoja. "Spill the beans" ni kutoboa siri, nawe unaweza kusema "the beans were spilled" ukaeleweka vizuri. Jaribu "the bucket was kicked" na maana ya kifo inatoweka. Msikilizaji atawaza ndoo halisi na teke halisi. Nasi pia twasema mzee ameaga dunia, lakini hakuna anayesema dunia imeagwa na mzee. Kwa hiyo unapoiandika nahau mpya kwenye daftari, iandike ndani ya sentensi nzima uliyoisikia, pamoja na nani alimwambia nani.