Rangi ya kiwandani: maana yake kwa mkusanyaji wa bastola kongwe

Rangi ya kiwandani ni ile ambayo bastola ilitoka nayo siku ilipouzwa mara ya kwanza, bila kung'arishwa wala kutiwa rangi upya baadaye. Kwa mkusanyaji wa rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka na kubeba risasi) na bastola kongwe za shabaha, hii ina uzito kuliko mng'aro. Rivolva iliyofifia, yenye rangi yake ya kwanza, kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko nyingine ya aina hiyohiyo iliyofanywa upya ikameremeta.

Rangi ya buluu-nyeusi ya bastola hizi haipakwi kwa brashi. Ni utando mwembamba sana wa oksidi ya chuma chenyewe, uliotokezwa kwa kemikali au kwa joto. Anayetaka kuurudisha huuondoa kwanza, kisha husaga uso wa chuma hadi kutu na vishimo viishe. Hasara inatokea hapo kwenye kusaga, kwa sababu chuma kilichosagwa hakirudi.

Kabla ya kukagua, fungua silinda na uhakikishe kila chumba cha risasi ni kitupu. Kisha isogeze bastola dirishani, maana mwanga wa mchana unaochomoza kwa pembeni huonyesha mengi kuliko taa.

Anza na maandishi. Mihuri ya kiwandani ina kingo kali. Iliyosagwa huwa na herufi nyembamba, zenye kina kisicho sawa, na nyingine zimekatika mkia. Nenda kwenye matundu ya skrubu: gurudumu la kung'arishia huzama kidogo kwenye mdomo wa tundu na kuacha bonde kama la kisosi. Kwenye rivolva za kiwanda cha Kimarekani cha Smith & Wesson, tazama kifuniko cha ubavuni. Kiwandani kiling'arishwa pamoja na fremu, yaani mwili wa bastola, hata mstari wa maungio ukawa mgumu kuuona. Mstari ukionekana wazi, kingo zake zikiwa za mviringo, kuna mtu amepita hapo. Ukiona vishimo vya kutu vyenye buluu safi ndani yake, shauri limekwisha: kutu ilitangulia, rangi ikafuata.

Nyundo na kifyatulio nazo hutoa ushahidi. Kwenye rivolva kongwe za kiwanda hicho sehemu hizi ziliimarishwa kwa joto, zikabaki na mawimbi ya kijivu, kahawia na buluu. Zikiwa zimefunikwa nikeli (metali nyeupe ing'aayo) pamoja na mwili mzima, shuku mara moja.

Uchakavu nao sharti uwe na mantiki. Ala ya ngozi, yaani mfuko wa kubebea bastola, hukwangua ncha ya mtutu na kingo za silinda. Kiganja hufifisha mgongo wa mpini. Rangi ikiwa nzito hapo huku herufi zimefifia, mambo hayo mawili hayaendani.

Si kila kazi ya marudio ni uharibifu. Smith & Wesson ilipofanyia bastola marekebisho kiwandani, mara nyingi ilipiga alama ya nyota karibu na namba ya utambulisho kwenye kitako cha mpini. Rangi hiyo si ya kwanza, lakini imewekwa na mikono iliyojua kazi, na wakusanyaji wengi huiheshimu.

Ukiwa na bastola yenye rangi yake ya kwanza, kazi yako ni kuiacha ilivyo. Usiihifadhi ndani ya ala: ngozi hushika unyevu, na kemikali zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Tandaza mafuta membamba kwa kitambaa, mbali na mpini wa mbao, kwani mbao ikinywa mafuta huwa nyeusi na kulainika. Dawa za chupa za kuziba mikwaruzo kwa buluu ziache kabisa; doa lake huwa na rangi tofauti na huonekana kwa jicho la kwanza. Kwa bastola ya nikeli, epuka visafishio vyenye amonia: hupenya kwenye nyufa, hula shaba iliyo chini ya nikeli pale ilipotumika, na nikeli huanza kubanduka kwa magamba.