Usugu wa Vimelea: Fedha ni Kidogo, Tuanzie Wapi?

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni nini?
Ni pale bakteria wanapobadilika hata dawa iliyokuwa ikiwaua isiwadhuru tena. Anayekuwa sugu ni mdudu, si mwili wa mgonjwa. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Hospitali ya wilaya yenye bajeti finyu inunue nini kwanza?
Maji na sabuni. Najua wengi walitarajia mashine. Lakini makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2024 yalionyesha kuwa, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo kama 750,000 kwa mwaka vinaweza kuzuiwa bila dawa yoyote mpya: 337,000 kwa usafi ndani ya vituo vya afya, karibu 250,000 kwa maji salama na vyoo, 181,500 kwa chanjo za watoto.

Ingia wodi ya wazazi usiku. Muuguzi ni mmoja, vitanda vimejaa, sinki liko mwisho wa korido na bomba limekauka. Hapo mikono ileile itatoka kidonda hiki hadi kile. Ndoo yenye koki kila chumba, na kitakasa mikono kilichochanganywa na mfamasia wa hospitali kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani (WHO), vitapunguza maambukizi, na hivyo chupa za seftriaksoni (antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ya sindano) zinazotumika.

Na maabara?
Inahitajika, ila si kila kituo. Kuotesha vimelea ili kujua dawa ipi itawaua kunataka vitendanishi (kemikali za kupimia), umeme na mtaalamu. Afadhali maabara moja ya rufaa inayofanya kazi kila siku kuliko tano zilizoishiwa vitendanishi. Ianze na damu ya watoto wachanga.

Kwa nini tusibane tu maduka ya dawa?
Sheria ya kutouza antibiotiki bila cheti cha daktari ipo. Ikikazwa peke yake, anayeishi mbali na zahanati atakosa hata dawa anayoihitaji kweli, na wanaokufa kwa kukosa antibiotiki bado ni wengi. Mimi ningemfundisha muuzaji aweze kusema, “Mama, haya ni mafua, amoksilini haitayatibu.”

Wafugaji wa kuku je?
Mdondo ni ugonjwa wa virusi, OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya mifugo) haiutibu. Chanja kuku. Wakitibiwa kwa ugonjwa mwingine, subiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuuza mayai.