Miguu Isiyotulia na Nyayo Zinazowaka Moto Usiku: Kwa Nini Nayatenganisha Kabla ya Kuandika Dawa

Wagonjwa wengi wanaokuja kuniona kwa sababu ya mishipa ya fahamu huyataja mambo haya mawili kwa pamoja: miguu haitulii na nyayo zinawaka moto, na yote huanza mtu anapojilaza. Wana haki ya kuyataja pamoja, kwa kuwa yote mawili huwanyima usingizi, na wapo ambao kweli wanayo yote kwa wakati mmoja. Kwa upande wangu, hata hivyo, kazi ya kwanza ni kuyatenganisha, kwa sababu baadhi ya dawa zinazotuliza nyayo zinazowaka huichochea hali ya miguu kutotulia, na mgonjwa aliyepewa dawa hizo bila kuulizwa maswali ya kutosha hurudi akiwa amezidiwa.

Swali ninaloanza nalo ni hili: ukiinuka kitandani ukatembea kidogo chumbani, inakuwaje? Mwenye miguu isiyotulia hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo huendelea muda wote anaotembea. Akirudi kulala, haichukui muda hamu ya kuichezesha miguu inamrudia. Mwenye nyayo zinazowaka hasaidiwi na kutembea, na mara nyingine kukanyaga ndiko kunakomwongezea maumivu. Yeye hutafuta ubaridi: huitoa miguu nje ya shuka, huikanyagisha kwenye sakafu, huimwagia maji. Hata namna ya kuonyesha hutofautiana. Wa kwanza hupitisha kiganja kwenye muundi au shavu la mguu akisema kuna kitu kinatambaa huko ndani, mahali ambapo mkono haufiki; wa pili huvua kiatu na kuonyesha unyayo na vidole, kwa kawaida vya miguu yote miwili. Msuli unaobana ghafla ni jambo la tatu tena: huo ukishikwa huwa mgumu, huuma sana, na huachia ukinyooshwa.

Hali ya miguu isiyotulia haina picha wala kipimo cha maabara kinachoithibitisha. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Tunachotafuta ni msukumo wa kusogeza miguu ambao ni vigumu kuuzuia, unaoanza au kuzidi mtu akiwa amekaa au amelala, unaopungua akijisogeza, unaokuwa mkali jioni na usiku kuliko asubuhi, na ambao hauna ugonjwa mwingine wa kuueleza. Hilo la saa ninalipa uzito mkubwa. Mtu akiniambia kwamba miguu humsumbua kwa kiwango kilekile saa nne asubuhi na saa nne usiku, naanza kufikiria jambo jingine, isipokuwa kama ugonjwa wake umeshakuwa mkali sana. Anayelala naye pia huwa shahidi mzuri, kwa kuwa wengi wenye hali hii hurusha miguu wakiwa usingizini, kidole gumba kikiinuka na kifundo kikikunjwa kila baada ya sekunde 20 hadi 40 hivi, wenyewe wakiwa hawana habari. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliieleza hali hii mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaichambua kwa kina mwaka 1945. Inasikitisha kwamba bado wapo wagonjwa wanaoambiwa kuwa ni wasiwasi tu.

Mahali ambapo tiba nyingi hupotea njia ni kwenye madini ya chuma. Ubongo huyahitaji madini hayo ili kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na kuratibu mwendo wa viungo, na kwa wenye miguu isiyotulia ubongo unaweza kuwa na upungufu wa chuma ilhali damu inayo ya kutosha. Kwa hiyo kuambiwa kwamba huna upungufu wa damu hakumalizi swali. Kipimo cha kuomba ni feritini, yaani kiasi cha chuma kilichohifadhiwa mwilini, na jibu lake lisomwe kwa jicho la ugonjwa huu. Mara kwa mara naletewa karatasi yenye feritini ya mikrogramu 30 kwa lita, na pembeni yake pameandikwa kuwa ni kawaida. Kwa mtu asiye na tatizo lolote, huenda ni kawaida. Kwa mtu mzima mwenye miguu isiyotulia, tunaongeza chuma feritini ikiwa 75 au chini ya hapo. Kwa kuwa feritini hupanda mtu akiwa na homa au maambukizi na hivyo kuficha upungufu, napenda kipimo kifanywe asubuhi, mgonjwa akiwa hana ugonjwa wa ghafla na hajameza kidonge cha chuma tangu siku iliyotangulia, kikiandamana na kipimo cha asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma, ambacho kikiwa chini ya asilimia 20 nacho huonyesha upungufu.

Vidonge vya chuma humezwa mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine, tumbo likiwa halina kitu kama linavumilia, pamoja na vitamini C, na mbali na chai au kahawa, ambazo huzuia chuma kufyonzwa. Nafuu haiji kwa wiki moja. Tunapima tena baada ya miezi mitatu hivi, na asiyevumilia vidonge au asiyepandisha feritini anaweza kupewa chuma kwa njia ya mshipa hospitalini. Nasisitiza kupima kwanza, kwa sababu chuma kikizidi mwilini huharibu ini na moyo. Aidha, feritini ikiwa chini kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, haitoshi kuijaza tu. Ni lazima itafutwe sababu, kwani huenda damu inavuja kidogokidogo tumboni. Wajawazito husumbuliwa zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na wengi wao hupona baada ya kujifungua. Wenye figo zilizoshindwa kufanya kazi nao ni kundi la kuangaliwa kwa karibu.

Kabla ya kuongeza dawa yoyote, naomba mgonjwa anionyeshe zile anazotumia tayari, pamoja na zile za kununua bila cheti. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klofeniramini, promethazini na difenihidramini, huizidisha hali hii, na ndizo ambazo mtu aliyekosa usingizi huzikimbilia. Metoklopramidi, inayotolewa kuzuia kutapika, hufanya vivyo hivyo, na pia dawa nyingi za sonona pamoja na zile za magonjwa ya akili. Hizi za mwisho zisiachwe kienyeji. Aliyeziandika ndiye wa kuamua kama zinaweza kubadilishwa. Kahawa na chai ya jioni, pombe na sigara nazo huwazidishia watu wengi.

Sasa nyayo zinazowaka. Hapa namwomba mgonjwa avue soksi, kwani kinachotafutwa mara nyingi kinaonekana au kinagusika. Fangasi kati ya vidole ni sababu rahisi, na kumpeleka mtu kwenye vipimo vya gharama kabla ya kumtazama vidole ni kumwonea. Kisha nagusa unyayo kwa uzi mgumu wa plastiki unaokunjika kwa nguvu ya gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho, na kuweka juu ya kidole gumba chuma chenye mtetemo wa mara 128 kwa sekunde. Asiyeuhisi uzi wala mtetemo ana mishipa ya fahamu iliyodhurika, na mshukiwa wa kwanza ni kisukari. Wapo wanaohisi vyote sawasawa na bado wanaungua: kwao zimeathirika nyuzi nyembamba zinazobeba hisia za joto na maumivu, ambazo hata kipimo cha umeme wa mishipa hakizioni.

Damu hupimwa sukari, vitamini B12, kazi ya figo na tezi ya thairoidi. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na B12. Anayemeza isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu huhitaji vitamini B6 ili mishipa isidhurike, lakini B6 hiyohiyo ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu huidhuru mishipa yenyewe, jambo ambalo wapenzi wa vidonge vya vitamini hawalitarajii. Miguu ikiwa myekundu na ya moto hata kwa mkono wa mtu mwingine, huenda ni eritromelalgia, ugonjwa wa nadra. Hao, na wote waliopoteza hisia, wasitumbukize miguu kwenye barafu, kwani ngozi huweza kuharibika bila mtu kujua. Maji ya kawaida kwa dakika chache yanatosha. Joto kidogo la nyayo wakati wa kulala, lisilo na maumivu wala ganzi, si ugonjwa, kwa sababu mwili hutoa joto lake kupitia mikono na miguu ndipo usingizi uje.

Usiku wenyewe, mwenye miguu isiyotulia hupata ahueni kwa kunyoosha na kukanda mashavu ya miguu kabla ya kulala, kuoga maji ya uvuguvugu au ya baridi kadiri yanavyomfaa, na kufanya mazoezi ya wastani mchana badala ya mazito usiku. Akiwa macho, kazi inayoshughulisha akili humsaidia kuliko kulala akiitazama dari.

Dawa hufuata baada ya hayo, na hapa ndipo ule mgongano nilioutaja mwanzoni hujitokeza. Amitriptilini na duloksetini hutuliza nyayo zinazowaka, lakini zinaweza kuichochea miguu isiyotulia. Kwa mwenye hali zote mbili mimi huanza na gabapentini au pregabalini, ambazo husaidia pande zote, kwa dozi ndogo wakati wa jioni, ikipunguzwa zaidi kwa mwenye figo dhaifu, na bila kuchanganywa na pombe wala dawa kali za maumivu, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kudumaza upumuaji. Pramipeksoli na ropiniroli, zinazoiga dopamini, zilikuwa chaguo la kwanza kwa miaka mingi. Hufanya kazi vizuri sana mwanzoni, kisha kwa wengi dalili huanza mapema zaidi mchana, hupanda hadi mikononi, na dozi huongezwa bila mwisho. Wengine hupata tamaa isiyozuilika ya kamari au manunuzi. Mwongozo wa wataalamu wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2025 unashauri zisiwe tiba ya kawaida. Anayezitumia na kuona dalili hizo asiongeze kidonge wala asiache ghafla, kwani kuziacha kwa mkupuo huleta usiku kadhaa bila usingizi kabisa. Hupunguzwa taratibu chini ya uangalizi, feritini ikiwa imepimwa upya na dawa mbadala ikiwa imeshaanza.