Je, wajua msitu unaweza kusimama mahali usipoweza tena kuota?

Dunia ikizidi kupata joto, misonobari na jamaa zake, ile miti ya koni yenye majani kama sindano, itastawi wapi? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa tayari mdomoni: itahama. Itapanda milima au kusogea kaskazini kufuata baridi. Na palipo na miti mirefu ya kijani, basi hali ya hewa bado inaifaa. Isingeifaa, tungeiona imekauka.

Nilikosea, tena mara mbili. Kwanza, mti hauhami. Tunaposema msitu umepanda mlima, maana yake ni kwamba huko juu miche imeota ikashika, na kule chini wazee wamekufa bila warithi. Pili, na hili lilinichukua muda kulikubali, mti mzee hauthibitishi lolote kuhusu hali ya hewa ya leo. Unathibitisha tu kwamba mwaka ulipoota, huenda miaka 150 iliyopita, mahali hapo palimfaa mche.

Mche wenyewe ni kitu dhaifu. Katika wiki zake za kwanza haufiki kimo cha kidole. Jua likiwaka, uso wa udongo ulio wazi unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na kishina kikaungua palepale kinapotokea ardhini. Ukiponea hapo, udongo wa juu hukauka kabla mzizi haujaufikia unyevu. Hatua chache pembeni, mti mama hana habari: ana gome nene, mizizi iliyoshuka chini na wanga uliohifadhiwa shinani. Ni kama mwenye akiba na kibarua wa kutwa wanaposhikwa na mwezi uleule mbaya. Mmoja anachota akiba, mwingine analala njaa, na ukiwatazama kwa mbali utadhani mwezi haukuwa mbaya sana.

Tena kivuli cha wazee ndicho kinachowapoza watoto. Moto mkubwa ukipita, msitu haupotezi miti peke yake, unapoteza na ubaridi uliojitengenezea. Miche inayofuata inaanza maisha juani, na mara nyingi vichaka huiwahi.

Mfano mzuri uko kwenye milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, Marekani. Katika miaka ya 1930, Albert Wieslander aliongoza kazi ya kuchora ramani za uoto wa jimbo hilo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizilinganisha na hali ya sasa. Miti ya koni ilikuwa imepanda mlima kwa wastani wa mita 34 hivi, ilhali joto linaloifaa lilikuwa limepanda takriban mita 180. Karibu sehemu moja ya tano ya misitu hiyo, kwa hesabu yao, ipo mahali pasipoifaa tena. Wakaiita misitu ya mazombi, yaani wafu wanaotembea. Jina la kisinema, lakini sijapata bora.

Hapa nipunguze mwendo. Sehemu hiyo moja ya tano imetokana na hesabu za kompyuta, si na mtu aliyeinama kuhesabu miche. Isitoshe, California imezima moto wa misituni kwa miongo mingi hadi miti ikasongamana, kwa hiyo si kila kifo ni cha kulaumu tabianchi. Na huko juu nako hakuna mlango uliofunguliwa wazi: uchambuzi wa mwaka 2009 ulipitia maeneo 166 duniani ambako msitu unakomea, na ni kama nusu tu ndiyo yaliyoonyesha miti ikisonga mbele. Udongo, upepo na theluji navyo vina kauli.

Halafu kuna suala la usafiri. Mbegu nyingi za koni huanguka karibu na mama. Kioja ni msonobari mmoja wa milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, wenye gome jeupe, ambao mbegu zake hazina hata bawa. Hupandwa na ndege wa jamii ya kunguru. Ndege mmoja hufukia mbegu makumi ya maelfu kwa msimu, nyingine kilomita nyingi kutoka zilikotoka, kisha hurudi kuzifukua akiwa na kumbukumbu ya ajabu. Zinazoota ni zile asizozirudia. Na koni zikipungua mno mahali, ndege huyo haji tena, hata kama miti michache bado ina mbegu za kubebwa.