Siti za jinzi za AMC Gremlin, ambazo wala si jinzi

Wiki iliyopita kuna mzee wa Kimarekani kaniletea Gremlin ya 1974, kigari kidogo cha kampuni ya Kimarekani AMC kilichouzwa kwa sifa ya siti za jinzi, ya bluu, kutu kiasi lakini injini inawaka vizuri, na kaja na furushi la kitambaa cha jinzi kama mita saba hivi, pamba tupu, kakitandaza mezani kwangu anasema anataka siti zirudi kama zilivyotoka kiwandani. Nikamwambia mzee wangu, kiwandani hazikutoka hivi. Akacheka. Ikabidi nitafute kiberiti.

Nikachomoa uzi mmoja kwenye siti yake ya zamani, kule chini ambako jua halifiki, na mwingine kwenye kitambaa alicholeta, tukatoka nje na koleo. Ule wa kitambaa kipya ukashika moto palepale ukawaka mpaka mwisho, harufu kama karatasi inaungua, ukabaki jivu ukiligusa linapeperuka. Ule wa siti ukajikunja kama unaukimbia moto, ukayeyuka, kikabaki kitonge kidogo kigumu, ukikibana kwa kucha hakivunjiki. Sasa hiyo ni nailoni. Mzee kakigeuzageuza kile kitonge, kakaa kimya, gari analo miaka yote hiyo na alikuwa anadhani amekalia jinzi.

Na si yeye tu, karibu kila anayeniletea hizi gari anadhani hivyo, maana ndivyo zilivyouzwa. AMC walikuwa kampuni ndogo, kiwanda chao Kenosha, Wisconsin, wanagombania wateja na akina General Motors, Ford na Chrysler ambao hela kwao si tatizo. Gremlin yenyewe iliyozinduliwa tarehe 1 Aprili 1970 (siku ya wajinga, aisee) ni Hornet, gari lao jingine, iliyofupishwa na kukatwa nyuma. Hela ya kutoa bodi mpya kila mwaka huna, unafanyaje? Unabadilisha nguo, yaani mapambo ya ndani, kwa jina la watu wa mitindo. Hornet Sportabout, gari lao la familia, wakaivalisha Gucci, Javelin, gari lao la michezo, wakaivalisha Pierre Cardin, halafu kwenye modeli za 1973 vijana wakaletewa Gremlin ya Levi's, wale watengeneza jinzi. Na mwaka huo ulikuwa unatimiza miaka mia tangu Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis wapewe hataza ya suruali zenye ribiti, vile vipini vya chuma kwenye mifuko, Mei 1873. Mi naona ile ndo ilikuwa akili yao bora kuliko zote, Gucci kwenye gari la familia ni kichekesho lakini jinzi kwenye kigari cha kijana, hapo wamepatia.

Shida ilikuwa moto. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1972, yaani modeli za 1973 ndo zinaingia sokoni, Marekani ilianza kutumia kanuni inayoitwa FMVSS 302, inasema kitambaa cha ndani ya gari kikiwashwa, moto usitembee zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Enzi hizo watu wanavuta sigara humohumo ndani wanaendesha, kwa hiyo walikuwa na sababu. Pamba ya jinzi ikawa haifai, wakasuka nailoni ikaiga kila kitu, ile mistari ya mshazari, rangi ya bluu, nyuzi za rangi ya chungwa, vifungo vya rangi ya shaba, kilebo cha Levi's kwenye siti, mifuko ya ramani kwenye milango, na stika kwenye madigadi ya mbele ili anayepita nje naye ajue.

Hata kanuni isingekuwepo mi nisingeshauri pamba. Rangi ya jinzi haiingii mpaka ndani ya uzi, inakaa juu juu tu, katikati uzi ni mweupe, ndo maana suruali inapauka pale inaposuguliwa na tunaipenda hivyo. Kwenye siti haipauki kwa kupendeza, inapauka ubavu mmoja, ule unaouburuza ukiingia na kutoka, na ile rangi iliyotoka inakwenda kwenye nguo za mtu. Nilipoanza kazi hapa Ohio nilimshonea dada mmoja siti za jinzi halisi kwa sababu alilipa na mimi nilitaka hela, wiki mbili baadaye karudi na suruali nyeupe yenye makalio ya bluu. Nililipa suruali.

Nailoni nayo ina adui yake, jua. Angalia juu kabisa ya mgongo wa siti karibu na kioo, hapo kitambaa kinakuwa cha kijivujivu na ukikivuta kidogo kinachanika kama karatasi mbichi, wakati kule chini bado kina nguvu ya kubeba mtu mzima. Kwa hiyo ukinunua Gremlin ya Levi's usidanganywe na makalio ya siti, weka kidole juu pale ubonyeze.

Basi ya mzee nimeishona kwa poliesta yenye mshazari, ya magari, iliyopimwa moto, mishono miwili miwili sambamba kwa uzi mnene wa rangi ya chungwa, na hapo ndo siku nzima ilikoishia maana hiyo mishono ikipinda milimita mbili tu jicho linaiona toka nje ya gari. Vifungo vya zamani nilivitoa kimoja kimoja nikaviosha kwa sabuni na mswaki, vikarudi palepale, na kilebo nilikifumua kwa wembe polepole kama natoa mwiba kwa mtoto.

Mzee kalichukua gari juzi, kaniachia zile mita saba za jinzi. Nimejishonea aproni mbili za kazi, na fulana yangu tayari ina bluu tumboni.