Tela la Dago: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Tangu nilipoanza kuunda tela la kulalia, kijumba kidogo cha kuvutwa na gari, uwani kwetu Wete, Pemba, kila apitaye ana lake. Mmoja aliniuliza kama ni banda la kuku. Mwengine, mzee wa mtaa, aliniambia kwa huruma, "Mwanangu, kwenda kulala porini ni mambo ya wazungu." Huyo nilimjibu kwa adabu, maana ujana wake mwenyewe kaumaliza dagoni, kwenye kambi za wavuvi.

Wavuvi wa Kojani wamekuwa wakipiga dago tangu enzi za mababu: wanahama na nyavu, sufuria na mchele, wanakaa ufuoni kwa watu mpaka samaki wapungue. Msimu wa karafuu watu hubeba mikeka wakahamia shamba. Tela la kulalia ni dago lenye magurudumu, basi. La Wamarekani ni lile umbo la tone la maji. Lilianza kwao miaka ya 1930, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated likatoa ramani yake ili mtu ajiundie nyumbani. Ndani mna godoro tu. Jiko liko nyuma, kwa nje, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu.

Wapo wanaosema umbo hilo ni la kukata upepo. Kidogo tu. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye kilomita 50 kwa saa ni robo ya ile ya 100, na barabara za Pemba, kona juu ya kona, hazikupi 100. Faida yake hasa ni ubahili: plaiwudi huja futi 4 kwa 8, na boksi la tela la asili ni futi 4 kwa 8. Hukati sana, hutupi sana.

"Njia ya mawe inataka chuma kinene." Hapa ndipo pesa zinapokwenda bure. Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene 3, lina kilo 4 na kitu kwa kila mita. La 100 kwa 50, unene 5, linakaribia kilo 11. Fremu inayokula mita 18 za bomba itakuwa na kilo 80 hivi au kilo 195, kabla hujafunga hata skrubu moja. Kilo mia na ziada hizo zitakuja kudaiwa kwenye springi, kwenye beringi, na kwenye breki za gari inayovuta ukiwa unateremka kilima. Ulaya, tela likizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, sharti liwe na breki zake lenyewe. Mimi nimelishika hilo kuwa mpaka wangu. Fremu ya bomba jembamba haivunjiki ovyo. Hupasuka pale ilipochomewa vibaya kwenye pembe, au pale springi zilipokuwa ngumu kwa mzigo mdogo, kila shimo likapiga chuma moja kwa moja.

Lakini kwetu mawe si adui mkubwa. Adui ni maji, na hasa ya chumvi. Hilo nimejifunza kwa kulipa.

"Marine bodi haiingii maji." Niliambiwa hivyo dukani, nikasadiki. Ile bodi ya kahawia yenye uso unaong'aa, inayouzwa kwa jina hilo, ni plaiwudi ya kumwagia zege. Uso wake umepakwa utando ili saruji isinate, na kweli usoni maji hayapiti. Ukishaikata tu, umeyafungulia ubavuni. Plaiwudi ya boti yenyewe ina kiwango chake, BS 1088 cha Uingereza, kinachodai gundi isiyoachia hata ikichemshwa na matabaka ya ndani yasiyo na mapengo. Ile yangu, nilipoikata, ilikuwa na pengo la kuingiza kidole.

Nikaipaka rangi ya mafuta, nikafunga kuta. Ilikuwa Februari. Masika yalipokwisha, ukingo wa chini, pale ukuta unapokaa juu ya bomba, ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa chai. Nilipoubonyeza, kidole gumba kilizama. Nikalala chini ya tela kutazama: maji yalikuwa yamepita kwenye matundu ya skrubu, tundu baada ya tundu, na kila moja lilikuwa na duara lake jeusi.

Fundi mmoja wa majahazi alinicheka. Wao kila mshono wanaukalafati, yaani wanauziba, kwa pamba iliyolowa mafuta, na tumbo la chombo wanalipaka deheni, mafuta ya kuzuia maji. Ila kuna tofauti moja: ubao wa jahazi ukinywa maji huvimba ukaziba mshono, plaiwudi ikinywa huvimba ikaachana. Kwa hiyo hapa epoksi, gundi ya maji maji inayokauka ikawa ngumu, ndiyo kalafati yetu. Kila ukingo uliokatwa unapakwa mara mbili au tatu mpaka uache kunywa. Tundu la skrubu hutobolewa pana kuliko skrubu, likajazwa epoksi, ikakauka, ndipo likatobolewa upya kwa kipimo chake. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayoamua tela litaishi miaka mingapi. Na kabla ya kununua bodi, omba kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria kuukuu toka asubuhi mpaka adhuhuri, kikaushe, kisha kibanjue kwa bisibisi. Matabaka yakiachana, rudi ukatafute nyingine.

"Mzigo uweke nyuma, gari ipate nafuu." Muulize mwenye gari la ng'ombe. Akijaza mawe nyuma ya ekseli, mti wa mbele unanyanyuka na nira inamkaba ng'ombe koo. Tela ni vile vile, ila gari haina mdomo wa kulalamika: mkono wa mbele, ule unaolishika tela na gari, unakosa kuikandamiza gari, na kwenye mteremko mkia unaanza kupiga kushoto na kulia, kila pigo kubwa kuliko lililotangulia. Kanuni ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye mkono. Mimi nilipima kwa mizani ya kuning'iniza, ndugu yake ile ya karafuu. Tela langu tupu, kilo 420, lilionesha 48 mkononi. Vizuri. Nikaweka madumu mawili ya maji, lita 20 kila moja, kwenye jiko la nyuma: 31, yaani chini ya asilimia 7. Madumu yakahamia mbele ya ekseli siku hiyo hiyo.

Matairi makubwa? Sura tu. Kinachofaa ni rimu na nati za tela kulingana na za gari, ili tairi moja la spea lihudumie vyote viwili, na upana wa magurudumu uwe sawa ili tela lipite kwenye alama za gari mchangani badala ya kuchimba njia yake. Mchanga wa Vumawimbi unataka upepo upunguzwe kwenye matairi. Mawe makali ya upande wa Micheweni hayataki, kwani tairi lililolegea hutoa ubavu nje ukachanika.

Jiko la makaa halilali ndani, hata mvua inyeshe vipi. Boksi la futi 4 kwa 8 hujaa sumu ya moshi usioonekana kabla mtu hajajua kuwa kichwa kinamuuma. Hata bila jiko, pumzi za watu wawili usiku kucha zinaacha majimaji ukutani, kwa hiyo weka tundu la hewa juu na jengine chini, yote na wavu wa mbu.

La mwisho ni hili la kuosha. "Nimepaka rangi ya kuzuia kutu, naweza kupita majini." Kutu la bomba huanza ndani, ambako brashi haikufika. Toboa matundu chini ili maji yatoke. Na ukishatoka mwendo mrefu, habu, yaani vitovu vya magurudumu, zikiwa za moto, usizitie baharini. Hewa iliyo ndani hupoa ghafla, hujikunja, na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili, ule mpira wa kuzibia, mpaka kwenye beringi. Huoni kitu siku hiyo. Utakuja kuona wiki ya tatu, grisi imegeuka rangi ya maziwa na gurudumu linakoroma. Simama kando, zipoe mpaka uweze kuziwekea kiganja, halafu vuka. Ukifika nyumbani, mimina ndoo za maji baridi chini ya fremu, kwenye springi na ndani ya bomba, mpaka yanayotoka yasiwe na chumvi ukiyaonja.