Homurani 500 si tiketi ya Jumba la Umaarufu

Kila msimu wa ligi yetu ya besiboli, inayoigwa kwenye kompyuta, ukiisha, hunijia karatasi ya kura ya Jumba la Umaarufu, yaani jumba la kuwaenzi wachezaji bora, na haikosi jina linalopitishwa na kila mtu bila mjadala kwa sababu ya namba moja tu: homurani 500, yaani mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote. Nami nilikuwa napitisha hivyo hivyo. Kisha siku moja nikakutana na mlinzi wa besi ya kwanza aliyeivuka hiyo 500, nikajipa kazi ya kupitia takwimu zake msimu hadi msimu. Misimu kumi na mitano, na hakuna hata mmoja alioongoza ligi kwa homurani. Mara nyingi hata kwenye tano bora hakuwamo. Enzi hizo ligi yetu ilikuwa inamwaga homurani, na yeye alikuwa mmoja tu kati ya wengi waliosimama chini ya mvua hiyo.

Tangu hapo huwa siigusi karatasi ya kura kabla sijajiuliza: namba hizi zilizaliwa katika dunia gani?

Swali hili lina uzito zaidi kwenye ligi za kuiga kwa sababu dunia yenyewe tunaitengeneza sisi. Mchezo wa Strat-O-Matic, ambao Hal Richman aliutoa mwaka 1961, unaonyesha jambo hili kwa uwazi. Unarusha dadu tatu. Dadu moja ikitoa 1 hadi 3, jibu linasomwa kwenye kadi ya mpigaji. Ikitoa 4 hadi 6, linasomwa kwenye kadi ya mrushaji. Jumla ya dadu mbili zilizobaki ndiyo inayokupeleka kwenye mstari wa kusoma. Kwa hiyo nusu ya zamu za mpigaji wako zinaamuliwa na kadi isiyo yake. Mpe warushaji dhaifu miaka kumi, atakuwa shujaa bila kadi yake kubadilika hata herufi moja. Programu za leo kama Out of the Park Baseball hufanya hesabu ndefu zaidi, ila mantiki ni ile ile, tena humo msimamizi anaweza kupandisha au kushusha kiwango cha homurani cha ligi nzima kwa kubadilisha namba kwenye mipangilio. Akiisogeza kidogo tu, baada ya miaka ishirini Jumba limejaa watu ambao wangekuwa wapigaji wa kawaida.

Hata ligi halisi za Marekani zimeyapitia haya. Mwaka 1930 Bill Terry alipiga wastani wa 0.401 (mipigo iliyomfikisha kwenye besi kugawanywa kwa zamu za kupiga), na tangu hapo hakuna mwingine wa National League, moja ya ligi mbili kuu, aliyefika 0.400. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski aliongoza American League, ile ligi kuu ya pili, kwa 0.301, na ndiye pekee aliyevuka 0.300 kwenye ligi hiyo. Ukiwaweka bega kwa bega unaona pengo la pointi mia (pointi moja ni 0.001). Lakini mwaka ule wa Terry ligi yake yote, warushaji wakiwamo, ilipiga 0.303! Ya Yastrzemski ilipiga 0.230, na warushaji walikuwa wametawala kiasi kwamba msimu uliofuata kichuguu wanachosimama wakirusha kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Sasa gawanya. Terry alikuwa juu ya ligi yake kwa asilimia 32, Yastrzemski kwa asilimia 31. Pengo la pointi mia limeyeyuka. Wote wawili wamo ndani ya Jumba la Cooperstown, ambalo ndilo Jumba la Umaarufu halisi la Marekani, na mgawanyo huu mdogo ndio ninaoufanya kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Uwanja nao una neno lake. Coors Field ya Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali. Larry Walker alipiga miaka mingi pale, na wapiga kura walimshuku hadi mwaka wake wa kumi kwenye karatasi ya kura, ambao ndio wa mwisho, alipopita mwaka 2020 kwa asilimia 76.6 ya kura wakati kiwango ni 75. Kwenye ligi ya kompyuta hakuna sababu ya kumtesa mtu namna hiyo, kwa sababu programu inakuonyesha wazi kila uwanja unaongeza au kupunguza kiasi gani. Tumia OPS+, kipimo cha jumla cha upigaji ambacho tayari kimesawazisha ligi na uwanja: 100 ni mchezaji wa wastani. Basi.

Panaponinyima usingizi ni kwenye bahati. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake halisi ndani ya programu ni 0.300. Mpe zamu 600 za kupiga, yaani msimu mmoja. Bahati peke yake inamsogeza pointi 19 hivi juu au chini, maana yake katika misimu mitatu, miwili itaangukia kati ya 0.281 na 0.319, na wa tatu utatoka nje ya hapo. Hajaumia, hajazeeka, hajajifunza lolote jipya; dadu tu. Akifikisha zamu 9,000, mchezo huo wa bahati umebana hadi pointi 5. Ndiyo maana nauamini wastani wa maisha yote kuliko taji la msimu mmoja. Na hapa inabidi nijikosoe: yule wa besi ya kwanza kutoongoza ligi hata mara moja, sehemu yake ni bahati mbaya. Sasa nahesabu ni mara ngapi mtu amekuwa karibu na kilele, si mara ngapi amekigusa.

Ligi zetu zina kishawishi kimoja ambacho wapiga kura wa Cooperstown hawakijui. Sisi tunaweza kufungua ukurasa wa mchezaji na kuona uwezo wake umeandikwa: kugusa mpira, mipigo mirefu, homurani, jicho la kutambua mpira mbovu, kukwepa kutolewa kwa straiki. Wenzangu wawili kwenye ligi hupiga kura kwa kusoma ukurasa huo. Wanasema, "Namba zake zilikuwa bahati, uwezo wake ulikuwa wa kawaida." Sikubaliani nao kabisa. Ted Williams alipiga 0.406 mwaka 1941, katika zamu 456, na hakuna anayeuliza kama uwezo wake wa ndani ulikuwa 0.380. Mipigo ilitua uwanjani, watu wakafunga, timu zikashinda na kushindwa. Ukipigia kura uwezo, hukuwa na haja ya kuicheza ligi. Ungesoma faili siku ya kwanza ukamaliza. Nikianza kuhesabu kura, ukurasa huo naufunga.

Kuhusu urefu wa maisha ya mchezaji dhidi ya kilele chake, naazima njia ya Jay Jaffe iitwayo JAWS: chukua WAR (kadirio la ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu kuliko mbadala wa kawaida) ya maisha yote, chukua ya misimu saba bora, tafuta wastani wa hizo mbili. Inawabana wanaokusanya namba kwa kukaa muda mrefu, na haiwasamehe wanaowaka miaka mitatu kisha wakazimika.

Yule wa besi ya kwanza nilimnyima kura mara mbili. Aliingia hata hivyo, maana ile 500 ina sauti kubwa kuliko yangu. Kwenye karatasi hiyo hiyo bado yumo mlinzi wa besi ya pili ambaye homurani zake hazifiki 200, aliyepigia katika uwanja mkubwa unaomeza mipira, na aliyekuwa anapewa besi ya kwanza bure karibu kila mechi kwa sababu hakuwa anakimbilia mpira mbovu. OPS+ yake inampita yule mwenzake, na kura yake haijawahi kufika nusu. Amebakiza miaka mitatu kwenye orodha, na jina lake ndilo ninaloliwekea alama kwanza kila karatasi inapofika.